Kanuni ya silaha inatungwa wapi, na mkulima aipinge wapi?

Kila mwaka mpunga ukianza kutoa masuke, meseji zinaanza kuingia. "Afisa, naruhusiwa kuwa na bunduki shambani?" Wenye kakao huku Mbingu wanauliza kwa sababu ya ngedere na nyani. Wenye mpunga kule bondeni wanauliza kwa sababu ya nguruwe pori na viboko. Waliopakana na Udzungwa wanauliza kwa sababu ya tembo. Swali hilo nimelijibu kwa mdomo mara nyingi. Leo nalijibu kwa maandishi, na naongeza la pili ambalo watu hawaulizi: hiyo kanuni inayokuruhusu au kukukatalia, nani kaiandika, na kama imeandikwa vibaya unaipinga wapi?

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Sitaki kila shamba liwe na bunduki. Ninachotaka ni kwamba kanuni zinazotugusa sisi tunaolima kando ya hifadhi zitungwe kwa utaratibu uliowekwa, na zikitungwa kinyume cha utaratibu huo, vijana wajue kuzipinga kisheria na ndani ya muda. Kulalamika kijiweni hakujawahi kubadilisha kanuni. Na gobore la kuficha darini halikupi ulinzi, linakusogeza gerezani.

Sheria moja, kanuni nyingi

Silaha za kiraia Tanzania Bara zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ndiyo iliyochukua nafasi ya sheria ya 1991. Nyuma yake kuna makubaliano ya kikanda, hasa Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilisaini ili kupunguza silaha ndogondogo zinazozagaa. Kwa hiyo sheria hii haikuja kumkomoa mkulima. Ilikuja kwa sababu bunduki inayovuka mpaka leo kesho inateka basi.

Sheria yenyewe ilipita Bungeni: muswada, kamati, wabunge wakajadili, Rais akasaini. Ila sheria haiandiki kila kitu. Inampa Waziri wa Mambo ya Ndani madaraka ya kutunga kanuni. Hilo si jambo la kificho, Katiba yetu ibara ya 97 inaruhusu Bunge kukabidhi madaraka ya namna hiyo. Na kwa mwombaji wa kawaida, shughuli yenyewe iko kwenye kanuni: fomu gani ujaze, ada kiasi gani, silaha uitunze vipi.

Sasa tofauti ni hii. Kubadilisha sheria kunahitaji muswada mwingine, na muswada unaonekana, magazeti yanaandika, redio zinasema. Kubadilisha kanuni kunahitaji saini ya waziri na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Hilo ndilo tunaloita Tangazo la Serikali, au GN. Wangapi kati yetu hapa Mbingu wamewahi kulishika Gazeti la Serikali mkononi? Ndo maana kanuni inaweza kubadilika Januari, na mkulima akaja kuijua Agosti akiwa dirishani polisi.

Na si silaha tu. Angalia kifuta jasho. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ni ya 2009, lakini kiasi cha kulipwa tembo akikuvurugia shamba hakikuwekwa humo, kwa mwanzo kiliwekwa kwenye kanuni za 2011: kuanzia shilingi 25,000 mpaka 100,000 kwa ekari, kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi, na mwisho ekari tano. Aliyelima ndani ya mita 500 kutoka mpakani hakuwekewa kitu. Piga hesabu mwenyewe: kulima, mbegu, mbolea, palizi na kuamia kwa ekari moja ya mpunga umetumia ngapi? Viwango hivyo havikuandikwa na Bunge kwenye sheria. Viliwekwa kwenye kanuni, na vikibadilishwa vinabadilishwa kwa kanuni nyingine.

Na Bonde la Kilombero lenyewe, ambalo lilikuwa pori tengefu, mwaka 2023 lilipandishwa kuwa pori la akiba kwa tangazo kama hilo. Ndani ya pori la akiba huingii bila kibali, achilia mbali kuingia na silaha. Karatasi moja ikabadilisha unapoweza kukanyaga.

Kabla ya kesi, tuondoe hatari iliyopo

Kuna kijana atasoma mpaka hapa aseme, "Afisa, haya ya GN ni marefu, mimi nina gobore la babu." Sikiliza vizuri. Gobore ni silaha kama silaha nyingine, na bila leseni ni kosa. Kibaya zaidi, kupatikana na silaha isiyo na leseni kunashtakiwa kama uhujumu uchumi, na adhabu ya makosa hayo inaanzia miaka 20. Wapo waliofungwa hivyo kwa gobore.

Ni kweli Mahakama ya Rufani imefuta hukumu kadhaa za aina hii kwa sababu kibali au hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka havikuwa sawa. Hilo linaonyesha kwamba hata upande wa serikali ukikosea utaratibu, kesi inaanguka. Lakini mpaka rufaa isikilizwe, aliyekuwa ndani ameshakaa miaka. Misimu yote hiyo shamba limelimwa na nani?

Njia ya kutoka ipo. Miaka ya karibuni serikali imekuwa ikitangaza msamaha, mara nyingi Septemba na Oktoba, kwa mtu anayesalimisha silaha haramu kwa hiari yake. Msamaha huo nao unatoka kwa Tangazo la Serikali, na una tarehe ya mwisho. Ukitangazwa, ongea na mwenyekiti wako wa kijiji, uliza utaratibu, salimisha. Usisubiri wiki ya mwisho.

Na mwenye silaha halali asijidanganye. Leseni ya bunduki haikupi ruhusa ya kuwinda, wala haimfanyi tembo kuwa wako. Hayo yana sheria yake.

Kanuni halali inatakiwa iweje

Kanuni si amri tu. Ili isimame mbele ya jaji, inatakiwa ipite vipimo vitatu. Vikariri, kwa sababu vinatumika kwenye kanuni za silaha, za mbegu, za viuatilifu, mpaka za ushuru wa mazao.

Kipimo cha kwanza: isivuke mipaka ya sheria mama. Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria iko wazi kwamba kanuni inayopingana na sheria iliyoizaa ni batili kwa kiasi inachopingana nayo. Waziri hawezi kujipa kwenye kanuni madaraka ambayo Bunge halikumpa.

Kipimo cha pili: ichapishwe na ifike Bungeni. Kanuni inatakiwa itoke kwenye Gazeti la Serikali, kisha iwekwe mezani Bungeni ndani ya siku sita za vikao vinavyofuata. Bunge lina Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo, kazi yake ni kuzichambua hizo kanuni na kusema hii imepishana na sheria mama, hii ina makosa, irudishwe.

Kipimo cha tatu: kama sheria mama inasema watu fulani washirikishwe kwanza, basi washirikishwe kweli, si kusainishwa karatasi ya mahudhurio. Na Katiba ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu.

Wenzetu walivyokwenda mahakamani

Kipimo cha kwanza kinaonekana vizuri Marekani. Mwaka 2018 wakala wao wa silaha aliandika kanuni kwamba kifaa fulani cha kufungwa kitakoni, kinachoifanya bunduki ifyatue mfululizo, kihesabiwe kuwa bunduki ya rashasha. Kifaa hicho ndicho kilichotumika kwenye mauaji ya Las Vegas ya 2017. Juni 2024 Mahakama Kuu kabisa ya kule, majaji sita kwa watatu, ikaifuta kanuni hiyo. Hawakusema kifaa ni kizuri. Walisema maneno ya sheria hayafiki hapo, na anayetaka yafike aende Bungeni. Machi 2025 mahakama hiyohiyo, saba kwa wawili, ikaiacha kanuni nyingine ya wakala huyohuyo, ile ya bunduki za kuunga nyumbani zisizo na namba, kwa sababu ilikuwa ndani ya sheria. Wakala ni yuleyule, mahakama ni ileile, matokeo mawili tofauti. Kilichoamua ni mipaka ya sheria mama.

Tena hiyo ni nchi ambayo haki ya kumiliki silaha imo ndani ya Katiba. Yetu haina haki hiyo. Kwa hiyo ukienda mahakamani hapa kusema "nina haki ya bunduki", umeshapotea kabla hujafika mlangoni.

Kanada inafundisha upande wa pili. Mei 2020 baraza la mawaziri lilipiga marufuku kwa amri aina zipatazo 1,500 za silaha, na kati ya waliolalamika walikuwa wakulima na wawindaji. Walidai serikali imevuka madaraka yake, kwa sababu sheria inaizuia kupiga marufuku silaha ambayo kwa maoni yake inafaa kwa uwindaji. Mahakama ilikataa hoja hiyo Oktoba 2023, na rufaa nayo ikagonga mwamba 2025. Kuumizwa na amri si sawasawa na amri kuwa batili.

Afrika Kusini ndiko kulikotolewa somo kali zaidi kwa mwenye leseni. Chama cha wawindaji kilipinga vifungu vinavyosema leseni isiyohuishwa kwa wakati inakufa, na mwenye nayo anageuka mhalifu. Mwaka 2017 walishinda Mahakama Kuu. Juni 2018 Mahakama ya Katiba ikapindua: mtu anajua kabisa anachotakiwa kufanya na tarehe anaijua, na kumiliki silaha ni ruhusa inayotolewa kwa masharti, si haki ya msingi. Kwa lugha yetu ya shamba: mahakama haipalilii shamba la mvivu.

Kipimo cha pili na cha tatu viko hapo jirani, Kenya. Tangu 2013 wana sheria maalumu ya namna ya kutunga kanuni. Waziri anatakiwa ashauriane na watakaoguswa, na kanuni isipofikishwa Bungeni ndani ya siku saba za vikao inakufa yenyewe. Kampuni ya sigara ilipopinga kanuni za tumbaku za 2014 kwa madai kwamba haikushirikishwa, kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu. Novemba 2019 kampuni ilishindwa. Lakini majaji waliacha mwongozo wenye thamani kwa kila mtu: ushirikishwaji uwe wa kweli, si wa kutimiza fomu, ila hauna maana kwamba kila maoni lazima yakubaliwe. Kwetu hatuna sheria moja ya jumla ya namna hiyo. Kwa maoni yangu tunaihitaji, na kijana anayejiita mkulima wa biashara angeanza kumwambia mbunge wake hilo kabla ya kumwomba trekta.

Na hapa nyumbani? Iko kesi ya Loliondo. Juni 2022 Waziri wa Maliasili na Utalii alitangaza Pori Tengefu la Pololeti kwa GN 421. Wananchi wakaenda Mahakama Kuu Arusha, na Septemba 2023 mahakama ikasema tangazo hilo ni batili, kwa sababu mashauriano yaliyotakiwa na sheria hayakufanyika. Mimi siingii kwenye mgogoro wa nani mwenye ardhi. Naangalia utaratibu: GN ya waziri ilipimwa na jaji wa Kitanzania kwa kipimo cha tatu, ikaanguka. Lakini kabla hukumu haijatoka, tayari Oktoba 2022 Rais alikuwa ametangaza eneo hilohilo kuwa pori la akiba kwa tangazo jingine. Ushindi ukakuta mlango umeshahamishwa. Ukipinga kanuni, kagua kila wiki kama haijabadilishwa tena, la sivyo utashinda kesi ya karatasi iliyokwisha kufa.

Hatua kwa hatua, ukiwa Mbingu

Kwanza, pata karatasi yenyewe. Usipinge kanuni uliyoisikia kijiweni. Uliza namba ya GN na tarehe, kwa mwanasheria wa halmashauri au ofisi iliyokukatalia. Isome pamoja na kifungu cha sheria kilichompa waziri madaraka.

Pili, kama umenyimwa leseni au umetozwa kitu usichokielewa, omba sababu kwa maandishi. Jibu la mdomo halipelekwi mahakamani. Maombi ya silaha yanaanzia kijijini na kupanda ngazi mpaka polisi mkoani, kwa hiyo tunza nakala ya kila hatua, yenye mhuri na tarehe.

Tatu, nendeni kama kikundi. AMCOS au kikundi chenu cha umwagiliaji kikiandika barua kwa wizara, kwa mbunge na kwa Kamati ya Sheria Ndogo, kina uzito kuliko mtu mmoja mwenye hasira. Barua iwe fupi: kanuni namba fulani, kifungu fulani, kinapishana na kifungu fulani cha sheria, na kinatuumiza hivi. Njia hii ni ya bei rahisi kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Nne, mahakama. Uamuzi au amri ya ofisi ya umma unaweza kuombewa mapitio Mahakama Kuu. Kwanza unaomba ruhusa, na ruhusa hiyo inatakiwa iombwe ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa. Ukipewa ruhusa, una siku 14 tu za kufungua maombi yenyewe. Miezi sita kwa mkulima ni msimu mmoja. Ukisema "tuvune kwanza", muda umekwisha. Kwa hatua hii tafuta wakili, usijaribu mwenyewe, na mchango wa kikundi ndo unamlipa.

Tano, kama kilichovunjwa ni Katiba yenyewe, ibara ya 26 inampa kila mtu nafasi ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda. Mwaka 2020 sheria ilibadilishwa, ikamtaka anayefungua shauri la namna hiyo aonyeshe kwa kiapo jinsi alivyoguswa yeye binafsi. Mabadiliko hayo nayo yalipingwa mahakamani. Kwa mkulima mwenye barua ya kunyimwa mkononi na shamba lililokanyagwa, kuonyesha ameguswa si kazi ngumu. Ndiyo sababu nasisitiza nyaraka.

"Lakini silaha ni suala la usalama"

Hoja hii naijua na naiheshimu. Wapo watakaosema kanuni za silaha zisiguswe, kwa sababu serikali lazima iweze kuzibana haraka hali ikichafuka. Nakubali kwamba lazima iweze. Lakini haraka si sawa na kiholela. Kanuni iliyotungwa kwa kufuata vipimo vitatu inakuwa na nguvu zaidi, kwa sababu hakuna wakili atakayeiangusha. Kanuni iliyorukwa hatua inampa nafasi mhalifu wa kweli kuponyoka kwa kosa la kiufundi, huku mkulima mwaminifu akiwa ameshalipa ada na kuchoma nauli. Anayetaka usalama na anayetaka haki wote wanahitaji utaratibu uleule.

Na tuwe wakweli na upande wetu. Bunduki haimalizi tatizo la tembo. Kuamia kwa zamu kwenye dungu, uzio wa pilipili, mizinga ya nyuki kama ilivyojaribiwa upande wa Mang'ula, taarifa ya mapema kwa TAWA au TANAPA waje na mabomu baridi: hivi vinapunguza hasara bila kumwaga damu. Tembo au kiboko akiingia, piga picha, pima eneo, mwite afisa mtendaji, jaza fomu ya kifuta jasho mapema, na ulizia kiwango kinachotumika sasa. Ukilipwa pungufu ya kanuni, hilo nalo ni jambo la kupinga kwa barua.

Kwa hiyo swali la "naruhusiwa kuwa na bunduki?" jibu lake ni: kwa leseni, ukitimiza masharti, na masharti hayo yamo kwenye karatasi unayoweza kuisoma. Kikundi kitakachopata nakala ya kanuni za silaha au za kifuta jasho na kukwama kwenye lugha, kilete ofisi ya kata siku za kazi asubuhi. Tutaisoma pamoja kifungu kwa kifungu, na tukikuta kimevuka sheria mama, barua tutaiandika palepale, na ninyi mtaisaini.